Konkriti Yako Imeshika, Chepkemoi

Chepkemoi wangu,

Mvua imerudi Mogogosiek. Leo niko ofu, sina zamu kwenye kiwanda cha chai, na nyumba imenyamaza hivi kwamba nasikia kifuniko cha sufuria kikitetemeka jikoni. Nimeona nikuandikie. Tangu uende sina mtu wa kumweleza mambo ya konkriti. Wengine nikianza tu, wanaangalia simu.

Kwanza nikwambie: daraja limesimama.

Siku tuliyokuzika halikuwepo. Watu wangu wa ziwani walitaka ulale kwetu, kama desturi yetu ilivyo. Lakini kule hospitalini Kaplong, sauti yako ikiwa imebaki kidogo sana, ulinishika mkono ukasema, "Ouma, nizike kwetu, karibu na Mama." Nikasimama na neno hilo mbele ya ndugu zangu, na wengine hadi leo hawanipigii simu. Basi tukakubeba. Pale mtoni, mahali mafuriko yalipovunja daraja la zamani, wabebaji walivua viatu wakaingia majini. Katikati mmoja akateleza, jeneza likainama, na mama yako aliyekuwa ng'ambo akapiga ukelele ambao nausikia hata nikiwa kwa boila ya kiwanda na kelele zake zote. Hukuanguka. Lakini hapo ndipo nilipoamua daraja jipya lazima lisimame.

Wewe ndiye uliyekuwa umeanza kazi hiyo. Siku za wiki ulikuwa mwalimu wa ujenzi pale politekniki na mimi nalisha boila kuni. Jumamosi ukanigeuza kibarua wako. Lori la kokoto za balasti haliwezi kuteremka ule mteremko wa majani chai, kwa hivyo ukasema mawe tunayo tayari, yamelala mtoni. Tukavunja vipande vya daraja lililoanguka kwa nyundo, vikawa balasti. Ukanionyesha shida yake: simiti ya zamani imegandamana na kila jiwe, ina vitundu vitundu, inakunywa maji yote, na simiti mpya inakosa pa kushika. "Hii balasti ina kiu," ulisema. "Tutaijaza vumbi laini." Tukajaribu jivu la boila yangu. Nilipokalia kibao cha kwanza cha konkriti tulichomimina kikavunjika, nikajikuta chini, ukacheka mpaka ukakohoa. Hukuacha kukohoa, Chep. Tulidhani ni lile jivu.

Baada ya mazishi sikuweza kuteremka mtoni. Nilikuwa nikitoka kazini nakaa kwenye kiti cha mlangoni, mpaka baridi inanifukuza ndani. Ndipo akaja Mwalimu Rono, yule mwenzako wa politekniki. Hakunipa pole, alikuwa ameshanipa. Alisema tu, "Ouma, tusiiache kazi ya Chepkemoi nusu."

Alileta matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Tukayasaga, tukachekecha kwa kitambaa hadi vumbi likawa kama unga wa ngano. Akanieleza kwamba jivu letu lilikuwa na chengachenga nyingi, na tena tulilimwaga pamoja na kila kitu. Sasa tulilowesha balasti kwanza, tukaikoroga na vumbi la matofali na simiti kidogo mpaka kila jiwe likavaa koti jekundu. Tukaiacha ipumzike, ndipo tukaongeza mchanga na simiti iliyobaki. Vibao tukavifunika magunia mabichi. Nilikuwa nayamwagia maji kabla ya kwenda kazini na nikirudi. Sikuona kuwa ni kazi. Angalau kulikuwa na kitu kinachoningojea.

Vipande vya majaribio tulivipeleka Bomet kwenye mashine ya kupimia nguvu ya konkriti. Vya kwanza vilipasuka mapema. Rono akagundua tulikuwa tumetia maji mengi, kwa sababu vumbi laini linafanya mchanganyiko uonekane mkavu. Tukaanza upya. Mara ya pili mashine ilisukuma, ikasukuma, na vipande vikashikilia karibu sawa na konkriti ya mawe mapya. Mwenye mashine akaniuliza, "Hii balasti mmeichimba kwari gani?" Nikageuka upande wako nikuone ukicheka. Niligeuka kabisa, Chepkemoi. Kulikuwa na ukuta na kalenda.

Rono alipanga vyuma kutoka ukingo hadi ukingo, vijana wa kanisani wakasaidia kubeba, tukalaza vibao juu ya mto. Wachumaji sasa wanapita na vikapu vimejaa, na wala hawaangalii chini. Rono anasema hiyo ndiyo sifa ya daraja.

Jumapili iliyopita mama yako alivuka peke yake, kwa mvua, kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, chini ya leso. Hakuwa amefika kwangu tangu matanga. Alisimama mlangoni akaangalia kiti chako, akaangalia viatu vyako nilivyoshindwa kuondoa. Kisha akasema, "Kongoi, Ouma, asante. Sasa unaweza kuja kumwona wakati wowote." Tukanywa mursik. Nilimsindikiza, akavuka, akapotea kwenye majani chai, nami nikabaki pale nimeshika mwavuli sijui nirudi wapi.

Usifikiri nimepona. Bado nalala upande wangu wa kitanda. Bado nikisikia mtu akikohoa barabarani nasimama.

Sasa politekniki wanataka nije na Rono niwaonyeshe wanafunzi wako jinsi ya kuchanganya. Unanijua, mbele ya watu ulimi wangu unakauka. Nimekataa mara mbili. Lakini nakuahidi, Jumanne nitaenda. Nitasimama pale ulipokuwa ukisimama, na kabla sijagusa simiti nitawaambia jina lako.

Pumzika, mke wangu. Mimi nipo, ng'ambo hii.

Ouma wako