Stendi ya Kamera Ukingoni mwa Newala

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku wazima. Mama yako Rehema yuko mbioni na korosho, nami tangu uulize ununue stendi ya kamera yenye kichwa gani cha kushikia kamera, sijatulia.

Serikali iliporuhusu biashara huria miaka ya themanini, nilikuwa mpiga picha hapa Newala, nikanunua stendi mpya ya miguu mitatu. Siku moja Mama Hamisi alitaka picha na mwanawe Hamisi ukingoni mwa mwinuko, bonde la Ruvuma likiwa nyuma. Kijana alikuwa anahamia Dar kuuza mitumba. Upepo unavuma, lori la kumchukua linapiga honi, nami nahangaika na skrubu tatu za kichwa cha stendi; nikikaza hii, ile inalegea.

"Mama, naachwa!" Hamisi akasema, akaanza kulikimbilia lori.

Nikachomoa kamera, nikaifunga kwenye stendi yangu kuukuu ya mguu mmoja, yenye skrubu moja tu kichwani. Nilikaza bila kuitazama, nikapiga. Pichani Hamisi alitoka mgongo tu, mama yake kanyoosha mkono.

Nilipoisafisha, nilitaka kuitupa picha ile. Mama Hamisi akaishika kwa mikono miwili. "Mama Rehema, hivi ndivyo alivyoondoka."

Basi huko dukani, kaza na kulegeza skrubu huku ukitazama wapita njia. Kichwa kitakachokulazimisha ukiangalie chenyewe, kirudishe.

Bibi yako mzaa mama