Simu Mbili Mkobani

Saumu shoga yangu,

Chumba chetu cha nyuma ya barabara ya Huanshi bado ninacho. Mwenye nyumba kapandisha kodi tena, kisha akapaka rangi mlango mmoja tu, wa kwake. Turubai lako ulilochora wauza mahindi nimeligeuzia ukutani. Si kwa huzuni, linakusanya vumbi.

Unakumbuka tulivyopanga: mwezi mmoja wewe unawatembeza wafanyabiashara wa kwetu viwandani na kuwatafsiria Kichina, mimi nachora, mwezi unaofuata tunabadilishana. Wenzetu tuliosoma nao chuo walitucheka, wakasema sisi ni wake wenza tusio na mume. Lakini ndivyo tulivyoumudu mji huu. Sasa kila mwezi natembeza watu tu. Juzi Xintang kwa jinzi, jana Shiling kwa mikoba. Brashi zimekauka kwenye kopo, wala sina habari nazo.

Wewe ndiye uliyeweka ile sheria: anayechora hashiki simu. Simu yake inakaa na mwenye zamu ya kazi. "Ukibaki nayo utachora nini, bei za watu?" ulikuwa ukisema, unaitupia mkobani mwako, unatoka. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Hata siku ile ya mwisho nilichora kutwa nzima kwa raha zangu.

Ulipoanguka kwenye karakana ya jinzi, Mama Nasra, yule mteja wako wa Kariakoo, alichukua simu yako akanipigia. Yangu ikalia mkobani mwako, hapo hapo sakafuni kando yako. Anasema watu walitazamana. Mimi nilijua jioni, alipokuja kunigongea mlango, nawe umeshafia hospitalini. Watu walichanga, ukarudishwa Tanga. Mimi nikabaki.

Nimekukasirikia, Saumu. Nakwambia sasa kwa kuwa huwezi kunikatiza. Nina hasira na sheria yako, na zaidi nina hasira kwamba ilikuwa sheria nzuri. Kazi zangu bora zote nilizifanya bila simu.

Sasa Mama Nasra anataka niwe wakala wake moja kwa moja. Mshahara wa kueleweka, chumba kizuri karibu na ghala, mambo ya zamu basi. "Kuchora utachora uzeeni, mwanangu," kaniambia, na hakusema kwa ubaya. Alitaka jibu leo. Kusema kweli nilitaka kukubali. Nimechoka, na kule hakuna ambaye angeniuliza nachora nini siku hizi.

Nimemwambia hapana. Nitamtembeza mwezi mmoja, unaofuata atafute mwingine. Kasonya, halafu akaniuliza kama nimekula.

Basi pumzika, shoga. Mungu akurehemu, akupe nafasi kubwa kuliko hii tuliyobanana. Leo nimeanza turubai jipya. Lako sitaligusa, nakuahidi. Wauza mahindi wako watabaki bila miguu, kama ulivyowaacha. Nami kuchora siachi tena. Ila ile sheria yako nimeivunja. Simu iko hapa mezani, sauti juu kabisa. Tangu nianze imelia mara kadhaa, watu wanauliza habari za zipu tu, na kila ikilia nimepokea, na rangi mikononi.

Wako,
Rehema