Waambie, Ulisema

Kaka Wani,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua. Habari za Kampala hufika Juba na madereva wa malori, na wewe hukuacha maadui wachache njiani.

Nakumbuka tulivyorudi pamoja kutoka Eldoret, walimu wawili wenye vyeti vya Kenya na mabegi ya kuazima. Pale Nimule, mpakani, ulininunulia chapati, ukaniambia, "Dada, tukifika nyumbani tutainuana." Nilikuamini. Nilikupenda kama ndugu wa tumbo moja, na ndiyo maana chuki niliyo nayo leo imenona hivi.

Wewe uliinuka haraka. Ukawa mkuu wa shule yetu ya Munuki, hapa Juba, wazazi wakakuita mudir, na mimi ukanipa idara ya lugha. Ila Kiarabu cha Juba kilikushinda, au tuseme ulikidharau. "Sikurudi nyumbani kujifunza lugha ya sokoni," ulisema. Mimi nilikuwa nimejifunza huko huko sokoni, nikimsaidia shangazi kuuza bamia. Basi kila mkutano wa wazazi ulinisimamisha kando yako, nawe ukaanza kwa neno lako: waambie.

"Waambie wakome kuniletea watoto wanaonuka kama mbuzi."

Nami nikawaambia: mudir anawasalimu, anajua maji ni shida, anaomba tusaidiane katika usafi.

"Waambie hata watoto wao wasome vipi, watabaki washamba tu."

Nami nikawaambia: mudir anasema ndoto yake ni kuwaona watoto wenu wakifika mbali. Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja alikuletea jogoo. Ulimla, Kaka, ukaniambia watu hawa ukiwakaripia ndipo wanakuheshimu. Nikacheka nawe. Nilidhani ndiyo kazi ya aliye katikati, kulainisha ya juu kabla hayajafika chini. Wachache walioelewa Kiswahili chako cha mbio walidhani wamesikia vibaya, maana mimi nilikuwa natabasamu.

Kisha nafasi ya naibu mkuu ikapatikana, na hakuna mwalimu ambaye hakujua kwamba zamu ilikuwa yangu. Mwenyekiti wa bodi, mzee asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, alitaka kusikia kutoka kwako nani anafaa. Na kwa kuwa hukuwa na mdomo mwingine, ukaniita mimi nitafsiri. Ukampendekeza binamu yako, ambaye hata chaki ilikuwa bado inamvunjikia mkononi. Mzee akauliza, na huyu ustaza je, huyu mwalimu wa lugha? Hukugeuka hata kunitazama.

"Mwambie huyu ni mdomo tu. Kichwa hana."

Nilimwambia, Wani. Neno kwa neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutafsiri bila kutia sukari, na aliyetukanwa nilikuwa mimi mwenyewe. Mzee aliinamisha macho. Binamu yako akapewa kiti.

Sikulia. Niliusubiri mkutano wa wazazi kama watoto wanavyosubiri Krismasi.

Siku hiyo ulivaa ile suti ya kijivu. Ukaanza: "Waambie nimechoka na akina mama wasiojua hata kushika kalamu kuja kunifundisha kazi." Nikawaambia. "Waambie wasiopenda wachukue watoto wao wakachunge mbuzi." Nikawaambia, kwa sauti nzuri na tabasamu lile lile. Sikuongeza chumvi, sikupunguza. Vigelegele havikuja. Ukaninong'oneza, "Mbona wamenyamaza?" Nikakujibu, "Wanakusikiliza."

Mzee mwenyekiti akasimama. "Kalam de ta mudir?" Maneno haya ni ya mudir? Nikakugeukia, nikakuuliza kama maneno ni yako. Ungeweza kuniuliza nimewaambia nini. Hukuuliza. Uliweka koti sawa, ukasema, "Mwambie ni yangu, na sirudi nyuma."

Nikamwambia.

Nilifurahi, sitajifanya mtakatifu. Na bodi ilipokuachisha kazi, ukavuka geti na katoni yako ya vitabu, nilisimama dirishani makusudi ili unione.

Bodi ikampita binamu yako, na leo kiti chako nakikalia mimi. Katika mkutano wangu wa kwanza nilizungumza Kiarabu cha Juba mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, yule mama wa jogoo akainua mkono. "Kalam de ta munu?" Maneno haya ni ya nani? Walikuwa wamezoea kwamba mimi nasema ya mtu mwingine. Nikakuchukia upya, maana ulikuwa umeondoka lakini bado umesimama kando yangu.

"Kalam tai," nikamjibu. Ni yangu.

Akauliza tena: "Na yale ya zamani, yale matamu?"

Nikamwambia hata hayo yalikuwa yangu. Alicheka huyo mama, akasema basi yule jogoo nilidhulumiwa.

Wiki iliyopita ukanipigia simu. Shule moja ya huko Kampala inataka kukuajiri, na mkuu wake atanipigia kuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Hukuomba radhi. Hukusema hata pole. Ulilitoa lile neno lako kama vile sijawahi kuhama kutoka kando yako: "Dada, waambie nilikuwa mkuu mzuri."

Nitawaambia, Kaka. Nitawaambia uliyoyasema, kama ulivyoyasema, na huyo mkuu akiniuliza maneno ni ya nani, nitamjibu ni yako.

Kaa salama huko uliko,

Mdomo wako wa zamani