Mlio wa Saba

Njeri, mjukuu wangu, uko poa huko Eldoret? Sisi hapa Ruiru tuko sawa, ila cucu yako, huyu bibi yangu, anasema nakoroma kama lori. Ni wivu tu.

Umeuliza, vile unasoma kemistri, kama niliwahi kuogopa baruti nikifanya kazi kwa kwari ya mawe. Baruti ndio ilikuwa inaniogopa! Siku moja tulijaza baruti kwa mashimo saba ya mwamba, tukajificha tukihesabu milio, kama kawaida. Ikalia sita. Nikasema, "Ni saba, hamjui kuhesabu," nikainuka kwenda kuangalia mawe.

Msichana wa kutuuzia uji akanishika koti. "Ni sita. Ukienda, uji wako nampa mwingine."

Nikakaa. Ni uji ulinikalisha, si woga! Kabla nimalize kikombe, ya saba ikalipuka, pale pale ningekuwa nimesimama. Uji wote ukanimwagikia.

Huyo msichana ndiye cucu yako. Mpaka leo nikienda Thika, hatulii mpaka nirudi. Na Krismasi anahesabu vikombe vyenu nyote. Mwaka huu amesema hatagawa uji kabla hujafika, na mimi nitakufa njaa. Kuja mapema.

Guka wako