Makopo ya Kuongeza Kinga

Kiwalani, Dar es Salaam
16 Mei 2025

Kwa Kaka yangu Walid,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai wewe, wifi Abrar na watoto hamjambo, na joto la Muscat halijawatoa jasho mno. Huku si kwema sana. Mama amelazwa tangu Jumanne, na mie niko hoi.

Kaka, nilikueleza mara ngapi? Lupasi, ugonjwa huu wa Mama, si upungufu wa kinga. Ni kinga iliyozidi, isiyomjua adui wala mwenye nyumba. Kazi yangu ya maabara hapa Mikocheni ni kuhesabu seli zinazoituliza kinga isimshambulie mtu mwenyewe. Kwa Mama ni chache. Wewe ukaja na habari za jirani yako mwenye saratani, ati madaktari wameiamsha kinga yake akapata nafuu. Sikatai! Kwenye saratani seli hizohizo hugeuka walinzi wa uvimbe, ndiyo maana huko hupunguzwa. Dawa ya huyu ni sumu ya yule. Lakini wewe, bingwa wa kupima vitambaa, ukatuma makopo sita ya unga wa kuongeza kinga.

Nilipokufokea kwenye simu, Shangazi Rukaiya akasema elimu imenipa kiburi. Mama akanitetea, akasema hatii kitu kinywani bila idhini ya daktari wake, yaani mimi, nisiye daktari. Na kweli, hata panadol huimeza baada ya kunipigia.

Jumanne miguu ikamvimba, mkojo ukawa na povu. Daktari alipouliza ametumia nini, Mama akajibu kwamba mwanawe wa Muscat alimsisitizia, naye akanywa ule unga kwa siri. Ukoo mzima umekusema. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Sasa kaa kitako, kaka. Hakunywa kwa siri. Wiki tatu zilizopita alinipigia nikiwa kwenye mashine, sampuli zinaharibika. Akaeleza jambo refu kuhusu kopo. Sikumsikiliza. Nikamwambia sawa, anywe, nikakata simu. Nimelikumbuka jana. Nilipotaka kumweleza daktari, Mama alinishika mkono akaninyamazisha. Alisema wewe uko mbali, lawama hazitakufika, ila mie nina kazi ya kulinda.

Leo asubuhi nimemwambia daktari. Figo bado zinapimwa. Umebaki wewe kuambiwa. Nisamehe kaka, nimekuonea.

Wasalimie wote nyumbani, na umpigie Mama, anakuulizia. Naishia hapa, muuguzi ananiita. Mama bado hamezi kidonge mpaka mimi niseme ameze.

Mdogo wako,
Nawal