Tundu la Sikio la Kushoto

Riruta, Jumanne, 1974

Alikuwa amesema sawasawa. Wanjiru alisema "vitabu vyangu", nami nikasikia "vitabu yangu", nikamsimamisha mbele ya darasa. Alirudia mara tatu, ya tatu akilia, hadi mwenzake akapaza sauti: "Mwalimu, anasema vyangu! Sisi wote tunasikia."

Ni "sisi sote", lakini sikuwa na uso wa kumsahihisha.

Kosa lilianza wiki iliyopita, mjini, kwa fundi wa vifaa vya kusikia. Kizibo cha plastiki alichokiunda kwa umbo la sikio langu la kushoto kilikuwa na tundu jembamba la hewa, na sauti yangu ilivuma kichwani kana kwamba nasemea ndani ya pipa. Nikamwamuru alipanue.

"Mzee, hii shimo ikikuwa kubwa, kifaa itapiga filimbi. Utapunguza sauti, na watu hutawasikia vizuri."

"Tundu hili likiwa kubwa," nikamsahihisha, "kifaa kitapiga filimbi."

Akacheka. "Haya, mwalimu. Ni hivyo tu." Akatoboa.

Nililisahihisha onyo badala ya kulisikiliza. Filimbi ikaanza siku ile ile, nami nikapunguza sauti ya kifaa.

Kama sisikii tena viambishi, nafundisha nini?

Kesho asubuhi nitamwomba Wanjiru radhi mbele ya darasa lile lile. Mchana nitarudi kwa fundi alizibe tundu, abakishe nafasi ya kupita sindano tu. Sauti yangu na ivume. Naye akisema "hii shimo", nitanyamaza.