Kondoo wa Mita Mia Mbili

Globe, Arizona
4 Aprili 1984

Mwanangu Coralee,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini wewe na mumeo Russ hamjambo, na mvua ya Oregon haijawaotesha ukungu mgongoni. Mimi ni mzima, ukiacha jicho.

Daktari wa Tucson amelikagua tena. Anasema ile ngozi ya ndani aliyoishona Januari imeshika, ila imeshika kama karatasi iliyobandikwa kwa ute wa yai. Nikamuuliza habari ya mashindano ya Juni ya kuangusha wanyama wa chuma. Akaniuliza, "Mzee Tackett, una macho mangapi?" Nikamjibu kwamba anajua vizuri, la kushoto nililiacha mgodini. Akasema, "Basi lile libastola lako likikupiga teke mara arobaini, safari ijayo utaletwa hapa umeshikwa mkono." Bastola ndogo hakuikataza waziwazi, ingawa alikunja uso.

Kwa hiyo ile kubwa ya silinda nimeifungia kwenye blanketi. Nimeazima ya rafiki yangu Dewey, ile ya risasi moja moja yenye mtutu mrefu, inayokunjuka katikati. Risasi yake ni nyembamba, na bastola yenyewe ni nzito, kwa hiyo inarusha mkono kidogo tu. Tatizo ni Dewey, anajaza baruti kama mtu anayekwenda vitani. Na lazima ajaze yeye, maana alama za mizani sizioni tena.

Wewe umejaza risasi nami pale mezani tangu miguu yako haijagusa sakafu. Niambie tumpunguzie kiasi gani.

Msalimie Russ, mwambie bado ananidai samaki.

Baba yako,
Lowell


Salem, Oregon
13 Aprili 1984

Baba mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa mistari inapanda mlima. Sisi hatujambo. Russ anasema deni la samaki amekusamehe. Unakula? Maharage ya kopo si chakula cha kila siku, Baba.

Haya, risasi. Mwambie Dewey achague kichwa cha risasi kizito kidogo na baruti ya chini kabisa ambayo kitabu cha vipimo kinaruhusu, asiende chini ya hapo hata chembe. Kitakwenda polepole lakini kitasukuma. Kuku wa mita hamsini ataanguka. Nguruwe wa mia ataanguka. Bata mzinga wa mia na hamsini ataanguka ukimpiga kifuani.

Kondoo wa mita mia mbili ni habari nyingine. Yule ni chuma cha uzito wa nusu mfuko wa saruji. Ukimpata juu ya bega huenda akapinduka, ukimpata tumboni atalia kama kengele na kubaki amesimama, na kanuni unaijua: chuma kisipoanguka, hukukipiga. Kubali kupoteza kondoo. Kati ya arobaini, kumi wa kila aina, hata ukiangusha ishirini na tano, kuna wazee wangapi wenye jicho moja wanaofanya hivyo?

Na bado unapiga ukiwa umelala chali, magoti juu, bastola imeegemea mguu. Kila teke linapanda mwilini hadi kichwani. Naomba uniahidi: risasi nyepesi tu. Niandikie neno hilo, "naahidi."

Binti yako,
Coralee


Globe
20 Mei 1984

Mwanangu,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa na afya. Mimi nalala vizuri, nakula, na jana nilipika mayai, kwa hiyo niache na maharage yangu.

Tumezijaribu risasi zako. Mkononi ni tamu, sikatai. Kuku na nguruwe walianguka, bata mzinga wengi wao pia. Kisha tukafika kwa kondoo. Nilimpiga wa kwanza, tukasikia "teeng" safi kabisa kutoka kilimani. Akabaki amesimama. Wa pili, vilevile. Dewey akatoa jicho kwenye darubini akasema, "Lowell, umemwamsha tu. Ngoja apige miayo, utampiga tena." Mstari mzima wa wapigaji ukacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikaenda kukaa garini.

Sikuahidi, Coralee. Tazama barua yangu, hakuna neno hilo.

Juni nitapiga risasi kamili, zenye baruti yote. Dewey ameshanijazia kasha zima. Najua utakachosema. Upofu naogopa, usidhani siogopi. Usiku nikiamka kwanza nawasha taa nione kama bado ipo. Lakini tangu mama yako aondoke na mgodi ufungwe, kila mtu hapa ananishika kiwiko. Dukani wananishika kiwiko, kanisani vilevile. Pale kwenye mstari hakuna anayenishika. Naogopa zaidi kuwa mtu anayekaa kwenye kiti akisubiri giza.

Baba yako,
Lowell


Salem
28 Mei 1984

Baba,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo kwa afya, kwa mengine ni bora ninyamaze, ila sinyamazi.

Unasema hutaki kushikwa kiwiko. Ukipoteza hilo jicho utashikwa viwiko vyote viwili, utakatiwa nyama kwenye sahani, na atakayekukatia ni mimi. Na utaipoteza hiyo bastola pia. Kipofu halengi kondoo. Yote haya kwa kipande cha chuma kilichokatwa umbo la mnyama! Unataka watu wasikucheke, basi. Sema hivyo, usimwingize mama humo.

Nimeandika hayo juzi. Leo nimetulia. Wewe ni mtu mzima, sitasema tena. Fanya unavyoona.

Msalimie Dewey. Nitampigia simu siku moja kumjulia hali.

Binti yako,
Coralee


Salem
19 Juni 1984

Baba,

U mzima? Tafadhali, u mzima?

Mashindano yalikuwa Jumapili ya tarehe kumi. Nimepiga simu asubuhi na jioni, inalia tu. Kwa Dewey inalia tu. Mke wake alipokea mara moja akasema, "Uliza huko kwenu," akakata.

Basi nasema mwenyewe. Nilimpigia Dewey. Nililia kwenye simu mpaka naye akalia. Nikamwomba azing'oe vichwa zile risasi kamili, apunguze baruti, azirudishe kwenye kasha lilelile, asikwambie. Alikataa. Akasema katika maisha yake hajawahi kugusa risasi za mtu kwa siri, na mtu anayefanya hivyo hastahili kusalimiwa. Nikamwambia atakapokuwa anakuongoza chooni akumbuke kanuni zake. Kisha akasema, "Jumamosi jioni nitafanya."

Nilidhani nimeshinda. Nililala vizuri usiku ule.

Sasa silali. Jumamosi jioni, kwa haraka, mzee ambaye mkono wake unatetemeka. Nilimwambia apime kila ganda. Kama aliruka moja? Wewe ulinifundisha ningali mtoto: ganda lisilo na baruti, fataki ya kitakoni peke yake inakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kinakwama, na risasi inayofuata inapasua bastola usoni. Usoni, Baba. Nilitaka kulinda jicho.

Nitumie hata karatasi tupu nijue mkono wako umebandika stempu.

Coralee


Globe
25 Juni 1984

Coralee,

Safari hii sina salamu. Simu nilikuwa naisikia. Sikutaka kuipokea.

Nilijua tangu kuku wa kwanza. Miaka yote hii nashika bastola, unadhani kiganja changu hakijui baruti? Ililia kidogo, ikanigusa kidogo. Nikamgeukia Dewey aliyekuwa ananitazamia kwenye darubini. Alikuwa anatazama kilima kama vile kuna kitu kipya huko. Nikajua ni wewe. Garini nilikuwa na risasi kamili za zamani, hatua chache tu nyuma yangu. Nilikaa nikiwa nimeshika ganda la moto, nikakuona umekaa huko Salem unauma kucha. Nikasema moyoni, basi, apate anachotaka. Nikaendelea na zako.

Kuku tisa. Nguruwe wote. Bata mzinga saba, na usinipongeze.

Kwa kondoo, wa kwanza alianguka, bega safi. Wa pili alilia akabaki amesimama. Wa tatu vilevile, na huko nyuma nikasikia mtu anacheka. Nikashika risasi ya nne, nikalala, nikavuta pumzi, nikabonyeza. Ikakohoa. "Pfu," basi. Hakuna teke. Vumbi halikuruka kilimani.

Saa ya mashindano inakwenda, unajua ilivyo. Mkono wangu ulishatoa ganda na kuweka jingine. Nilishaifunga bastola, Coralee. Nimelenga. Kidole kiko mahali pake na uso wangu uko hapohapo ulipo. Sijui nini kilinizuia. Labda sauti ile. Nikaifungua, nikatoa risasi, nikaielekeza bastola kwenye mwanga, na katika mtutu sikuona mwanga. Kwanza nikadhani ni jicho. Kwa muda ambao sitaki kuukumbuka nilidhani jicho limeondoka. Ndipo nikatazama kilima, nikakiona.

Harlan, msimamizi wa mstari, akasimamisha watu wote. Akagonga kichwa cha risasi kwa ufito kikatoka, akakiinua wote wakione. Akauliza, "Risasi hizi kajaza nani?"

Dewey alishafungua mdomo. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Anayegusa risasi za mwenzake kwa siri anafutwa kwenye klabu, na Dewey ndiye aliyechomelea nusu ya wale kondoo kwa mikono yake. Nikamkanyaga mguu. Nikasema, "Nimejaza mimi. Mizani siioni vizuri, nikaona aibu kusema."

Hakucheka mtu. Ningependa wangecheka. Harlan alinishika kiwiko akanitoa kwenye mstari, polepole, kama anayemsindikiza bibi harusi. Nimefungiwa mpaka mwakani, na mwakani hawataniruhusu, wote tunajua. Dewey anakuja hapa kila jioni, anakaa barazani. Namletea kahawa.

Kwa hiyo umepata. Jicho lipo, daktari amelipima Ijumaa akafurahi. Na ungekosa vyote kwa kidole kimoja. Ungeniomba tena, Coralee. Ungeniomba mara ya tatu, ya nne, ungenililia mimi, si Dewey. Huenda ningekataa. Lakini ungeniomba mimi.

Sijakusamehe. Usiniandikie kuomba radhi, barua nimezichoka. Panda basi uje Agosti. Nina maneno mengi makali, na nataka kuyasema nikiwa nakuona uso.

Baba yako,
Lowell